Ganda Moja, Buni Mbili

Kansanga, Kampala
12 Februari 1974

Mama Mdogo mpendwa,

Hujambo wewe? Goti lako halijambo? Na hao watoto unaowapokea hapo hospitali ya misheni, bado wanakuja duniani wakipiga kelele kama waliodhulumiwa? Sisi huku tunapumua, na siku hizi hiyo si haba. Sukari hatuioni. Sabuni tunaiona kwa mbali, mikononi mwa watu wa magendo. Serikali imepiga marufuku mawigi, basi lile la rafiki yangu Nabukenya sasa analalia paka, na paka mwenyewe amepata maringo hata panya hawajali tena.

Baba yuko safarini tangu Oktoba. Marafiki walimjia nyumbani Bukoto wakati wa chakula, wakaondoka naye kwa gari lao, naye akaenda na kandambili miguuni. Viatu vyake vya kazi viko kwangu, navipaka rangi kila Jumapili. Polisi wenzake wakiulizwa wanasema yuko safarini, kwa hiyo nami nasema vivyo hivyo. Nyumba ilikuwa ya kazi, akapewa mtu mwingine, nami nikahamia huku Kansanga kwa kina Nabukenya. Yupo bibi yao, tunamwita Jajja kama Waganda wote wanavyowaita bibi zao, na yupo kaka mtu anayetengeneza redio hapo barabarani.

Nilikuambia mimi ni karani wa shule? Sahau. Mwalimu wa bayolojia amerudi kwao Uingereza, na mkuu wa shule akaangaza macho ofisini mpaka yakatua kwangu. "Adyero," akasema, "wewe una miwani." Ndivyo nilivyopata ualimu. Sasa nafundisha urithi. Kitabu kinasema tunazaliwa na vitu visivyoonekana kwa macho, vinaitwa jeni, tumevipata kwa baba na mama, ndivyo vinavyoamua pua na nywele na kimo, na wako wanaosema vinaamua hata tabia na nani tutapatana naye. Wasichana wangu wamependa somo la ulimi: wako watu wanaoweza kuukunja ukawa kama mrija na wako wasioweza, na kitabu kinasema ni mambo ya ukoo. Mimi naweza. Marehemu mama aliweza, nakumbuka alivyokuwa akituchekesha kwa ulimi huo. Wewe ni mdogo wake wa tumbo moja, bila shaka unaweza. Hebu jaribu mbele ya kioo uniambie, niwape wanafunzi mfano.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata dada! Jajja alisema mtu hawezi kukaa kwake kama mzigo uliosahauliwa stesheni, lazima awe wa humu ndani. Akachuma tunda bivu la kahawa nyuma ya nyumba. Ganda moja, ndani buni mbili. Akatuchanja kidogo karibu na kitovu, mimi na Nabukenya, kila mmoja akaipaka buni yake damu yake, tukabadilishana, tukameza. Wenyewe wanaita omukago. Tangu siku hiyo yeye hawezi kuninyima chakula wala mlango, nami siwezi kumnyima, mpaka kufa. Lakini mimi na damu unatujua: nilifumba macho tangu wembe ulipotoka mpaka buni iliposhuka, mwalimu mzima wa bayolojia! Jeni hazikuniuliza nataka baba gani, ila dada huyu nimemchagua mwenyewe, nami najiona tajiri.

Mwanao,
Adyero

Bunia
25 Machi 1974

Mwanangu Adyero,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa njiani na kubandikwa upya kwa uji. Aliyeisoma namsalimu, na ajue uji wake mwepesi. Hii nampa Emile, yule mfanyabiashara wa vitenge anayekuja Kampala na lori, na tangu leo barua zako mpe yeye. Goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi amezaa mapacha. Huku ng'ambo ya mpaka nako serikali imefuta majina ya ubatizo, kwa hiyo ofisini mimi si Pélagie tena. Nimepewa jina jipya, na nikiitwa nageuka nyuma nione anaitwa nani. Wewe niite ulivyozoea.

Mtu haendi safari na kandambili. Sitauliza zaidi kwenye karatasi, ila ujue nimelia, tena nimelia wodini mbele ya wagonjwa. Endelea kuvipaka viatu rangi.

Haya, tuje kwa huyo dada uliyemmeza na kahawa. Mwanangu, mimi nimewapokea watoto wa mji huu, na wengine hata mama zao niliwapokea mimi. Mtoto anatoka, hajafungua macho, nami nasema: huyu mkaidi kama babu yake, huyu mlafi kama shangazi yake. Miaka inapita, wanakuja kuniambia, Pélagie, ulijuaje? Nilijua kwa sababu damu haifundishwi shule. Unasema umechagua? Bibi yako aliacha wachumba wa kijiji kizima akamfuata muuza chumvi aliyekuwa anapita njia tu. Mama yako akamwona polisi wa Kiacholi pale mpakani, mgeni, miguu mirefu, hajui neno hata moja la kwetu, akapanda naye lori. Wanawake wa ukoo ule wanapenda wageni, basi. Nawe umemwona Muganda, moyo ukaruka. Hukuchagua kitu wewe, ni bibi yako anatembea ndani yako na viatu vyake. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wazee hawakusema mtafuna kahawa nawe.

Halafu nakuuliza kama mkunga: huyo kaka mtu wa redio ana umri gani? Umemtaja paka, umetaja hata wigi la paka, yeye hukumtaja jina. Ukila damu ya nyumba, wanaume wote wa nyumba hiyo ni kaka zako. Huku kwetu kuchanjana ni hivyo hivyo, na sidhani kwa Waganda ni tofauti. Fikiri kabla moyo haujaanza kutembea peke yake.

Ule vizuri. Usirudi Bukoto hata kuchukua sufuria.

Mama Mdogo wako,
Pélagie

Kansanga
6 Mei 1974

Mama Mdogo mpendwa,

Emile amefika na barua, na kitenge, na hadithi ndefu ya afisa wa forodha na kuku wake ambayo hakuna aliyeielewa. Asante kwa kitenge. Nabukenya anashona nguo kule Kabalagala, ameshanitengenezea gauni, refu mpaka kwenye vifundo ili sheria isitukute. Hongera kwa mapacha wa mbuzi. Mvua zimezidi, barabara ya Ggaba ni uji mtupu. Baba bado.

Umenichekesha na maswali yako ya mkunga. Anaitwa Kayiira, na ni kaka tu, tena kaka wa kawaida kabisa. Sikumtaja jina kwa kuwa hapana la kutaja. Ni mrefu, anainama mlangoni. Anaanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho, kwa hiyo Kansanga nzima hakuna aliyewahi kusikia mwisho wa kichekesho cha Kayiira. Anachomelea nyaya kwa mkono wa kushoto. Juzi aliifufua redio ya baba, ile iliyokuwa imekufa, akakataa malipo, akasema redio ya mzee haifai kunyamaza. Ulimi hawezi kuukunja. Nimempima, na kila jioni Kayiira anataka apimwe tena, eti labda leo utakubali. Unaona mwenyewe, kaka tu.

Na kuhusu bibi kutembea ndani yangu, nakataa. Mimi na Nabukenya hatufanani hata kwa dawa. Yeye anasema mpaka usingizini, mimi nasema nikiwa na kalamu. Yeye akikasirika anavunja sahani, mimi nikikasirika naosha sahani. Ingekuwa ni damu kutafuta iliyofanana nayo, tungepishana barabarani bila salamu. Lakini siku ile nilipoondoka Bukoto na begi moja sikujua niende wapi, na rafiki zangu wengine wote walikuwa na wageni ghafla, au ugonjwa, au ufunguo umepotea. Nabukenya alikuja mwenyewe, akanipokonya begi, akatangulia mbele akilalamika kwamba ni zito. Hakuna jeni iliyombebesha begi lile.

Hukunijibu kuhusu ulimi. Wanafunzi wanasubiri.

Viatu vinang'aa.

Mwanao,
Adyero

Bunia
19 Juni 1974

Mwanangu,

Hapa tu wazima. Mapacha wa mbuzi wamekula kalenda ya padri. Goti lile lile.

Kaka wa kawaida hamalizi wino wa mtu namna ile! Nilianza kuhesabu mara ulizomtaja nikaishiwa vidole. Nikamsomea mwenzangu wa wodini, naye hakuniuliza huyu ni kaka wa nani, aliuliza harusi lini. Mwanangu, nakupenda, lakini unajidanganya kwa mwandiko mzuri sana.

Sasa nisikilize bila utani. Kampala si mahali pa binti wa polisi Obwona kwa wakati huu. Hata huku habari zinafika, na watu wa kaskazini wanavuka mpaka kila wiki wakiwa na nguo walizovaa tu. Njoo Bunia. Emile atakuweka katikati ya marobota yake, wewe kaa kimya tu, na kukaa kimya unakuweza. Nina chumba. Yupo pia Anselme, karani wa misheni, kijana mtaratibu, ana baiskeli na hajawahi kumchekea mtu ovyo. Najua hutampenda, kwa sababu si mgeni anayepita njia, ila nimemtaja ili dhamiri yangu itulie.

Dada yangu amekufa, mume wangu amekufa, baba yako yuko huko safarini. Nimebaki na wewe. Nilitaka kulisema hilo kwa kuzunguka, nimeshindwa.

Kioo changu kimevunjika, kwa hiyo habari ya ulimi sijui.

Mama Mdogo wako,
Pélagie

Kansanga
11 Agosti 1974

Mama Mdogo mpendwa,

Pole kwa kioo. Emile ameahidi kuishona barua hii ndani ya pindo la kitenge, kwa hiyo leo naandika wazi, na wewe soma ukiwa umekaa.

Walikuja Alhamisi asubuhi. Wanaume watatu, miwani myeusi, wanamtafuta binti wa Obwona yule polisi. Mimi nilikuwa uani namenya matoke. Kayiira alitoka mbio dukani akasimama mlangoni na bisibisi mkononi, kana kwamba bisibisi ingefaa kitu. Jajja hakuinuka kwenye mkeka wake. Kiswahili chake alikiokota sokoni, kwa hiyo aliwaambia, "Karibu, kura ndizi. Obwona hapana jua. Huyu mutoto yangu." Mmoja akasema, mbona mutoto yako mrefu hivi, mbona haongei, hebu aseme Kiganda tumsikie. Jajja akasema, "Jino naumwa." Nikashika shavu. Mama Mdogo, nilishika shavu lisilouma hata kidogo, na kisu cha matoke nikakikalia wasikione.

Ndipo Nabukenya akasimama akaanza kuwafokea kama wateja waliochelewa kulipa. Akainua blauzi yake kidogo, akainua na yangu. Makovu mawili, mahali pamoja. Mmoja wao nadhani ni Muganda. Alivua miwani, akatazama, akawaambia wenzake, "Hawa wamekula kahawa. Huyu ni wa nyumba hii." Wakaondoka. Walichukua redio mbili na jogoo, na Jajja anamlilia jogoo mpaka leo. Undugu ni kufaana, si kufanana. Nilikuwa nausema msemo huo tangu darasa la pili, siku hiyo ndiyo nimeuelewa.

Sasa cheka, maana una haki. Jioni ile Kayiira alikuja kukaa karibu nami jikoni. Alianza kusema, hakucheka katikati, akasema mpaka mwisho. Anataka kunioa. Nami nilijibu ndiyo haraka kuliko mwanamke mwenye adabu anavyopaswa kujibu. Tukaenda kwa Jajja, tukapiga magoti. Jajja akauliza, "Atamwoa dada yake?" Akasema kahawa iliyomezwa haitapikwi, na anayevunja omukago kifo chake kibaya, na hataki kuzika mjukuu. Nabukenya alikuwepo, alisikia yote. Kayiira tangu hapo anatengeneza redio bila kuimba.

Mama Mdogo, wewe ndiye unayeijua damu. Jajja anakuheshimu, anajua u mkunga. Niandikie mistari miwili tu, kwamba kahawa si damu, kwamba kwa kipimo chochote cha mwili Nabukenya si ndugu yangu. Emile atamtafsiria. Mimi niliyekusumbua tangu Februari kwamba nimechagua, leo nakuomba uniambie sikuchagua kitu. Nampenda, Mama Mdogo. Andika upesi.

Mwanao,
Adyero

Bunia
2 Oktoba 1974

Mwanangu Adyero,

Namshukuru Mungu u hai. Msalimie Jajja, mwambie jogoo wake nitamlipa kwa mbuzi mmoja wa wale mapacha, achague yeyote, wote majambazi.

Nilicheka, ndiyo. Nilicheka hiyo siku ya kwanza. Siku iliyofuata nilichukua kalamu nikuandikie hiyo mistari miwili. Ingekuwa rahisi. Ni maneno yangu mwenyewe niliyokuwa nakuandikia tangu Machi. Emile amepita hapa, ameondoka bila barua, amerudi, na bado nilikuwa sijaandika. Ndiyo sababu ya kuchelewa.

Siwezi kuukunja ulimi, Adyero. Kioo hakikuvunjika. Nilijaribu siku ile ile barua yako ya kwanza ilipofika, nikajaribu hata nikajiuma, na sikushangaa, kwa sababu mama yako na mimi hatukutoka tumbo moja. Wazazi wangu walichukuliwa na homa mwaka mmoja, mimi mdogo wa kubebwa mgongoni. Walikuwa jirani tu wa bibi yako. Bibi yako akanichukua. Nilipoanza kupata akili, wazee wa ukoo wakakaa kikao: huyu mtoto wa nani, anakula cha nani, atolewe. Mama yako alikuwa msichana bado. Aliingia katikati ya wazee na kisu cha mihogo, akajichanja mkono, akanichanja na mimi, akaibana mikono yetu pamoja mpaka damu ikachuruzika chini. "Mtoeni sasa," akawaambia, "mkijua damu yake ni ipi na yangu ni ipi." Hakuna aliyeuliza tena. Miaka ilipita hata mimi nikaacha kuuliza. Labda ndiyo maana naisifu sana damu, nilipewa nikiwa na njaa nayo.

Basi nikikuandikia kwamba kahawa ile si kitu, nitakuwa nimeandika kwamba mimi si Mama Mdogo wako. Hilo siandiki, mwanangu, hata kwa furaha yako. Na furaha yako naitaka kuliko goti zima. Jajja ana haki. Nimelia nikiandika, wino umeharibika hapo juu, unaona.

Sasa umejua. Kama itakuwa vigumu kuniita Mama Mdogo, niite Pélagie, ingawa serikali imekataza.

Pélagie

Kansanga
22 Desemba 1974

Mama Mdogo, Mama Mdogo, Mama Mdogo,

Nimeandika mara tatu ili serikali zote mbili zisikie. Goti halijambo? Wanafunzi wangu waliuliza tena kuhusu ulimi wako kabla shule haijafungwa. Nimewaambia unakunjika vizuri sana.

Barua yako niliisoma nyuma ya duka la Kayiira, kisha nikaingia humo humo dukani nikamwambia hapana. Nilimwambia sitaki mtu yeyote aseme kahawa ile si kitu, nikiwemo mimi, kwa kuwa yuko mtu Bunia ambaye maisha yake yote yamesimama juu ya kitu kama hicho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa," akarudi kuchomelea waya ambao nadhani ulikuwa umeshachomelewa. Nabukenya aliniona nimevimba macho, akanifungia chumbani mpaka nikamsimulia yote, wewe na mama na kisu cha mihogo. Alinyamaza. Sijawahi kumwona Nabukenya amenyamaza muda mrefu hivyo, nikadhani anaumwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, wazee wakiwa wamekuja kumwona Jajja, Nabukenya akapiga magoti katikati yao. "Jajja," akasema, "mimi buni ya Adyero niliitema. Ilinitia kichefuchefu, nikaitemea nyuma ya mlango. Hakuna omukago." Mama Mdogo, ungewaona wazee wale. Kutema damu ya mwenzio baada ya kuapa! Mzee mmoja alivuta miguu yake nyuma kana kwamba Nabukenya ana ukoma. Jajja alimtazama sana. Akamwita mchafu wa roho, akamwambia alete jogoo wa kuomba msamaha na asikalie mkeka wake mpaka Krismasi. Kisha akamgeukia Kayiira. "Basi huyu si dada yako," akasema, na akaomba maji ya kunywa.

Jajja ndiye aliyetushika vidole siku ile tukibadilishana buni. Alikuwa karibu kiasi cha kumsikia Nabukenya akitafuna. Lakini mzee akiamua kuamini, nani atambishia?

Nilimfuata Nabukenya jikoni. "Uliitema kweli?" Alikuwa anasugua sufuria. "Mwalimu," akasema, "wewe uliniona nikimeza?" Nikasema nilifumba macho. "Basi mwalimu hajui," akasema, akaendelea kusugua. Kule Kabalagala wanamwita Mtemaji. Wateja wengine wamehamia kwa fundi mwingine, hawataki mtu wa kuvunja kiapo awapime kiuno. Anacheka, anasema watarudi gauni zikiwapasuka. Mimi nililia juu ya sufuria zile zile, naye akanifokea kwamba namwongezea chumvi.

Harusi ya kienyeji ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Waganda hawaoi binti bila watu wake kusimama kumsemea, na mimi watu wangu unawajua walipo. Emile alikuwa amekuja na vitenge tu, tukamfanya mjomba. Kandambili yake ilikatika asubuhi ile ile, nikampa viatu vya baba. Vilimzidi sana. Aliingia uani akitembea kama bata, wageni wakacheka, akaulizwa ukoo wake akawataja mababu mmoja baada ya mwingine bila kusita, ingawa wawili kati yao nadhani ni wachezaji wa mpira wa Kinshasa. Nilicheka na wenzangu. Kisha niliviona vile viatu vinavyong'aa vinatembea, nikaingia ndani nikalia kwa sauti, nikamwita baba kwa jina lake. Baba hajarudi, Mama Mdogo. Sasa naandika hivyo, siandiki safari. Viatu nimevirudisha mlangoni.

Siku nzima Nabukenya aliniita wifi. Wifi, njoo! Wifi, kaa! Kwa sauti ya kuuzia samaki, ili wazee wote wasikie na pasiwe na mashaka. Watu wakila, akanishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye mti wa kahawa wa Jajja. Akachuma tunda moja bivu, akalipasua kwa meno. Buni mbili. Hapakuwa na wembe, wala damu, wala Jajja, wala mtu wa kutuambia inafaa au haifai. Akanipa moja, akabaki na moja.

"Haya, fumba macho kama kawaida yako," akasema.

Nilikataa. Nilimtazama mpaka akameza.

Mwanao,
Adyero